Maji Yaliyokaa Kitako

Nilianza Jumamosi, baada ya chai ya pili,
kwa jembe la mpini mfupi na kamba ya katani
niliyoilaza uani kama mkato wa kwapa,
kati ya mpapai na ukuta wa choo cha zamani.
Kufika adhuhuri nilikuwa ndani hadi magotini
na Isevya nzima ilikuwa imeshajua.

"Anatafuta rupia za Mjerumani," alisema Mwasiti wa genge.
Mtoto wa Lugusha akachungulia juu ya ukuta,
akauliza, kwa adabu, nani amefariki.

Udongo wa Tabora juu ni mchanga,
hauna siri, unamwagika kama ufuta.
Ukishuka kidogo unakutana na ule mwekundu
unaolirudisha jembe kama karani anavyorudisha fomu.

Kashindye alisimama na kikombe chake:
"Nyanzala, maji haya tunayalipia bili.
Sasa unayachimbia kaburi?"

Nilitaka kumjibu, sikuwa na pumzi.
Nilitaka kumkumbusha bomba la mtaani, saa nane za usiku,
ndoo zimepanga foleni, sisi watoto tumelala juu ya kanga,
kila mmoja kashika mkono wa ndoo yake usingizini,
na hewa inakohoa ndani ya chuma
muda mrefu kabla ya tone.
Maisha yangu yote nimeyaona maji yakiwa safarini:
kichwani, mzegani, kwenye baiskeli ya muuza madumu,
kwenye birika, yanakwenda kazini.
Sijawahi kuyaona yamekaa kitako.
Nilitaka, hapa kwangu, maji ambayo hayajatumwa.

Wiki ya pili nikabomoa kichuguu,
nikaukanyaga udongo wake kwa miguu, pekupeku,
ule ule tuliosiribia nyumba ya bibi.
Ukingo nikausawazisha kwa jicho.
Jicho hili limeshona sare za shule miaka thelathini,
nililiamini.
Maji yakapanda polepole, yakafika upande wa magharibi,
yakamwagikia mchicha,
na mashariki kiganja kizima bado kikavu.
Maji hayamstahi fundi.
Yenyewe yamenyooka; aliyepinda ni wewe.
Asubuhi yake shimo lilikuwa tupu:
tope, na kandambili moja isiyo yetu.

Mihambo akaniuzia turubai lililofunika tumbaku msimu mzima.
Nikaliosha kwa jivu, mara moja tu, kwa uvivu.
Perege watatu wa kwanza wakaelea kabla ya magharibi.
Nikawafukia chini ya mpapai, sikumwambia mtu.
Nikaliosha tena. Na tena. Na tena,
mpaka mikono yangu ikaacha kunuka ghala.
Nikaazima mpira mwembamba wa mafundi, ule unaoona maji ndani,
nikapima ukingo kama mtu aliyekwisha kuumbuliwa.

Bwana afya alikuja na daftari, akaandika: mbu.
Nikamwomba wiki moja.
Wakaja perege wengine kutoka Igombe,
kwenye ndoo, nyuma ya baiskeli, wanaruka kila tuta,
na wiki ilipokwisha alichuchumaa, akatazama,
akafuta neno lake kwa kalamu ile ile.

Septemba, jua limekaza, miombo imepukutika,
wakaja wageni ambao sikuwaalika.
Mmoja kwanza, akatua kwenye jiwe lenye ukungu wa kijani.
Kisha kumi. Kisha sikuhesabu.
Nyuki, kutoka mizinga sijui ya nani,
wanashusha vichwa, wanavuta, wanaondoka wazito
kuelekea Kipalapala.
Mmoja aliteleza. Nikavunja kijiti cha mninga,
nikakilaza juu ya maji, akapanda, akatikisa mabawa
kama anayekung'uta mwavuli mlangoni.

Basi nayo yamepata kazi.
Nilicheka peke yangu. Nikaudhika kidogo pia.

Kashindye amehamishia kigoda chake huku nyuma.
Hasemi kitu kuhusu bili.
Anawahesabu kwa kidole, chai inapoa;
hufika arobaini na kitu, wanachanganyika,
anaanza upya.