Baki

Arusi ya Bopwe: gigabaiti kumi na moja.
Mgeni Faki, kaka wa bibi arusi, yuko Maskati,
simu imejaa, kifurushi ni cha wiki.
Akasema, Nipunguzie. Iwe kitu cha kutia mfukoni.

Nikafunga mlango wa duka hapa Jadida,
feni ikizunguka kivivu,
nikaiachia mashine.

Kazi yenyewe ni hii, kwa anayetaka kujua:
picha hukatwa miraba, nukta nane kwa nane,
kama mshona kofia anavyoigawa nguo
kabla ya kutoboa kiua cha kwanza.
Mraba hauulizwi una rangi gani.
Unaulizwa: ndani yako mna mawimbi gani?
Lipi la pole, kama ukuta wa chokaa,
lipi la haraka, kama lasi, kama punje za mchele, kama mvi.
Kila wimbi hupewa namba,
kila namba hugawanywa:
la pole kwa kidogo,
la haraka kwa kikubwa.

Mwalimu Time alitufundisha, Wete, darasa la tatu:
kumi na saba gawa kwa tano, tatu, baki mbili.
Baki iandikeni pembeni, msiidharau.

Mashine haina pembeni.
Inaandika tatu, inasonga.
Na ikiwa ni tatu kwa arubaini, basi ni sifuri,
na sifuri zikifuatana haziandikwi moja moja;
hupitiwa kimshazari, kona hadi kona,
zikafungwa tita kama kuni:
sifuri, hamsini na moja. Basi.

Zikatoka megabaiti tisini.
Bi Mchanga, mama yao, akaitazama kwenye simu ya mjukuu,
akacheka mpaka akashika ubavu:
“We kijana, umenitoa makunyanzi!
Ningekujua mapema ningeolewa tena.”

Sikumwambia kwamba makunyanzi ni mawimbi ya haraka.

Masika ya mwaka wa pili yakaingia kabatini,
diski ikaota kuvu.
Bi Mchanga naye akaenda, Rajabu, usiku wa Ijumaa.

Jana Mgeni kanipigia.
Dakika ya arubaini na mbili, nyuma ya sinia la halua,
ana baka dogo chini ya jicho la kushoto.
Nikikuza naona miraba tu.
Nirudishie.

Nimekaa na dakika hiyo mpaka alfajiri.
Namba ya kwanza ya kila mraba ipo, haikuguswa sana:
wastani wa mwanga uliomwangukia.
Mwanga wake upo.
Kilichoitwa baki
ndicho ambacho hakikubaki.

Nimemwandikia hivyo. Nimefuta.

Nimefungua daftari la madeni.
Pembeni, kwa kalamu: baka, jicho la kushoto.
Chini yake: alinifukuza nisimpige picha akila.
Chini yake: Mgeni Faki, elfu kumi na tano,
imesamehewa.