Safu ya Tatu

Miaka ishirini na sita niliandika hesabu za miwa kule Muhoroni:
tani zilizoingia, tani zilizosagwa, mkulima anayedai.
Mali bila daftari, walitufundisha, huisha bila habari.
Basi picha zangu nazo nikazifungulia daftari,
safu mbili kwa wino mweusi: nimetoa, nitapata.
Ya tatu niliichora kwa mazoea tu
bila kujua itabeba nini.

Ya kwanza niliinunua Kondele,
kwa Aguko, mchora vibao vya vinyozi.
Ilikuwa imeegemea pipa la rangi, haijiuzi, haijitembezi:
mwanamke ameinamia omena wake, ametupa mgongo,
na mgongo huo, jamani, ulikuwa umechoka kuliko mimi.
Elfu mbili na mia tatu. Mshahara ulikuwa bado siku tisa.
Marehemu Obiero akaitazama, akanitazama:
"Hii tutaila na ugali?"
Nikaandika: *Matumizi mengineyo.*
Wiki nzima tukala sukuma bila nyanya,
na yeye ndiye aliyetafuta msumari.

Ya pili niliinunua kwa masikio.
Walisema Wandati wa Nakuru anapanda,
nunua sasa, utakuja kulia.
Nikakopa kwenye ushirika laki moja na themanini,
nikaleta nyumbani Lolwe turubai la buluu, pana kama mlango,
nikalifunga blanketi, nikalisukuma chini ya kitanda,
maana jua la Kisumu halina adabu, linalamba rangi.
Huko gizani likanenepa kama uyoga.
Laki mbili. Laki tatu na nusu.
Usiku nikijigeuza nasikia fremu ikigusa chaga:
nimelalia pesa, na usingizi hauji.

Mwaka jana akaja kijana wa kukadiria,
glavu nyeupe, tochi ndogo.
Akapiga magoti kando ya kitanda kama anayesali.
"Mama, hapa una laki tano na ushee."
Kisha akamwangalia mwanamke wa omena ukutani,
moshi wa jikoni umemkaa begani.
"Hii haina soko."
Nikashusha pumzi kama niliyefutiwa deni.
Nikamwongezea chai.

Mwezi wa nane nyonga ya dada yangu Apondi ikakataa.
Hospitali haipokei buluu.
Nikapiga simu, nikauza, sikuvutana sana na bei.
Siku ya kuchukuliwa, wenye gari wakiwa bado langoni
wakibishana na bawabu,
nikalifungua blanketi peke yangu
ili niwakabidhi kitu kisicho na vumbi.

Na hapo,
kwenye pembe ya chini, upande wa kushoto,
njano. Ndogo kama punje ya mahindi.
Buluu yote ile ilikuwa inaizunguka,
miaka saba inaizunguka
na mimi juu yake nahesabu.
Nikakaa sakafuni na goti langu hili bovu.
Honi ikalia. Ikalia tena.

Apondi sasa anatembea, anachechemea kidogo,
anaulaumu mkongojo kwa Kijaluo na daktari kwa Kiswahili.
Sijutii. Nasema sijutii,
na asemaye jambo mara mbili mnamjua.
Chini ya kitanda nimeweka viatu.

Mwanamke wa Kondele sijamhamisha.
Jua la saa kumi linamla bega taratibu,
naye hageuki.
Binti wa jirani kaniambia nimkinge kwa kioo.
Nitamkinga. Pengine.

Jana usiku nikafungua daftari.
Safu ya kwanza ilikuwa imejaa tangu zamani,
ya pili nikaifunga kwa mstari mwekundu.
Ya tatu, nyeupe miaka yote hii, ikanisubiri.
Nikaandika nilichokuwa nacho:
*Wandati. Jumanne. Dakika kumi na moja. Njano.*