Mmeza Mifupa

Mhariri kaniandikia kutoka Delhi: niletee hargila,
lakini niletee na maji, na matete nyuma yake,
na ukiweza, ukungu.
Wasomaji wetu, anasema, wanapenda kumwona ndege akiwa kwao.

Kwao.
Saa kumi na moja alfajiri, Januari, nimelala kifudifudi
juu ya kilima kisicho kilima:
ni nepi, ni vifuu vya nazi, ni kandambili zilizoachana na wenzi wao,
ni Guwahati nzima iliyokwisha kuliwa
ikamwagwa hapa, ubavuni mwa ziwa.
Chini kwa chini kunafuka
kama mtu avutaye sigara chooni.
Nimejifunga gamosa puani. Haisaidii.

Rohima ananirushia gunia la kulalia.
"Usiwatazame macho," anasema, "watazame magoti.
Goti likikunjwa, huna ndege tena."
Miaka kumi na tisa anaokota chupa hapa.
Nina vitabu vinne vya ndege nyumbani,
hakuna chenye goti.

Kisha wanatua,
mmoja, halafu wawili, halafu naacha kuhesabu,
warefu kama watoto wa darasa la tano,
vipara, na vinywele vichache vilivyosahauliwa na kinyozi,
mfuko wa ngozi ya rangi ya chungwa ukining'inia shingoni kama deni,
wakitembea taratibu, mabega juu,
makarani wastaafu waliokuja kuulizia kiinua mgongo
wakaambiwa tena: njooni kesho.

Lori linamwaga. Hakuna anayeruka.
Ndoano ya Rohima na mdomo wa ndege
vinaingia katika fuko moja;
yeye anatoa chupa, mwenzake anatoa utumbo wa kuku,
na hawatazamani,
kama majirani wa bomba moja wenye ugomvi wa zamani.
Nabonyeza.

Halafu namtii mhariri. Nashuka mpaka kidevu kinagusa gunia,
nabana fremu, nakata, nakata,
hadi kunabaki kichwa na mbingu tu,
maana mbingu haijui iko juu ya nini.
Jicho lake jeupe linapita juu ya lenzi
kama linavyopita juu ya kopo tupu.
Na ule ukungu alioutaka nimeupata:
kuna mtu ameanza kuchoma matairi.

Mchana niko kwa Horen Kolita, chini ya mkadamu wake,
mti ambao babaye aliapa kuukata kwa uvundo,
na yeye akaufungia nyavu chini, makinda wasidondoke wakafa.
Mkewe ananiwekea chai mbali na mti. Ana sababu.
Juu, mama anarudi kutoka kule nilikotoka.
Anainama, anatapika katikati ya kiota:
mfupa, samaki, kitu cheusi,
na mkono mdogo wa mwanasesere, vidole vyote vitano.
Kinda anaumeza. Anautema. Anaujaribu tena.
Hiyo pia nimeipiga. Sikukata kitu.

Delhi nilituma ile ya ukungu.
Walilipa. Kodi ya nyumba haina ukungu.

Ile ya ndoano na mdomo katika fuko moja
niliichapisha kwenye karatasi kubwa, nikampelekea Rohima.
Alifuta mikono mara mbili kabla ya kuipokea.
Hakumtazama ndege.
"Mgongo wangu ndio huu?" akauliza,
akajinyoosha palepale, kidogo,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kamili.
Baadaye akaisogeza karibu na jicho,
kucha yake ikatembea, ikasimama juu ya mguu wa ndege.
"Ona," akasema. "Goti.
Huyu alikuwa keshaondoka."