Damu ya Saa Nne Usiku

Tuliingia Mchinga gizani kama wezi,
watu watano, tochi tatu, kasha la vioo,
na barua ya mganga mkuu imelowa jasho
mfukoni mwa Nakapala.
Mbwa walitusoma kabla ya wenyewe.
Kisha sauti, nyuma ya mlango wa mabati:
"Mumiani hao! Fungeni!"

Nani angewalaumu?
Mtu wa heri huja mchana, akapiga hodi,
akapewa kigoda, akaulizwa ya atokako.
Sisi tulikuja saa nne usiku,
saa ya mtu na mkewe, au mtu na deni lake la salfa,
tukaomba damu.

Nikasema: saa hatukuichagua sisi.
Mwenye saa ni mdudu wa matende.
Mchana kutwa kajibanza mapafuni,
humpati hata ukimkamua mtu kama tui.
Giza likiingia anashuka,
anakuja chini ya ngozi kumngoja mbu.
"Na huko ndani kusikofika jua,
nani kamfundisha saa?"
Wataalamu wanakuna vichwa mpaka leo, nikajibu.
Sikuwa na la kupamba.

Bi Somoe Nang'olo akacheka peke yake.
"Basi anajua wakati kuliko mwanangu wa Dar,
anayenipigia simu alfajiri kuomba hela."
Akatoa kidole cha pete.
Baada yake milango ikaanza kulia bawaba.

Mistari mitatu ya damu kwa kila kioo.
Vioo mia tatu na kumi na viwili.

Lindi mjini, siku nne,
niliishi ndani ya tundu la darubini.
Umeme ukikatika nahamia dirishani,
nageuza kioo kidogo kilifuate jua.
Rangi ya zambarau kwenye kucha, kwenye ugali.
Natafuta kile kilichomfunga babu Chitanda
busha la uzito wa mtoto wa miaka miwili,
akaacha kwenda msikitini
kwa sababu ya kurukuu.
Alikufa kabla ya kisu, kabla ya miaka ya vidonge
na kile kijiti cha kupimia kimo
tulichosimamishwa nacho shuleni, tukijinyoosha
ili tupewe vingi kama wakubwa.

Kioo cha mia mbili na saba:
kitu chembamba, kimejipinda kama unywele wa kichanga.
Mate yakanikauka.
Nakapala akaja, akainama, akasogeza gurudumu
nusu ya nusu.
"Dada. Huo ni uzi wa pamba."
Tulicheka mpaka fundi wa jenereta akachungulia.

Sijawahi kufurahia hivyo kutoona kitu.
Daftari lote, safu moja, mwandiko wangu mbaya:
Hakuna. Hakuna. Hakuna.

Tukarudi Mchinga, safari hii mchana,
ghalani kwa chama cha msingi,
kati ya magunia ya korosho na harufu yake ya mafuta.
Mtendaji akasoma karatasi kwa sauti ya sherehe.
Makofi. Mtu akapiga kigelegele.

Bi Somoe akasimama, akapandisha kanga mpaka gotini.
Mguu ulikuwa kama kinu,
ngozi imepasukapasuka kama gome.
"Karatasi nimeisikia," akasema.
"Na huu nao, nani atausomea?"

Safu yake haikuwamo daftarini.
Mtendaji akatazama saa ya mkononi.
Mimi nikaomba beseni,
kwa kuwa sikujua la kusema na mikono ilikuwa bure.

Maji, sabuni ya mche, kitambaa kikavu.
Katikati ya vidole ndipo penye kazi,
hapo unyevu hutunza vidonda.
"Taratibu," akanikemea, "hujaoga mtoto wewe?"
Vidole vilikuwa vimezama nyamani,
nikavitafuta kama nilivyotafuta kwenye vioo,
nikivifuta kimoja kimoja,
naye, macho kafumba, anahesabu:
Kipo.
Kipo.
Hicho nacho kipo.