Jiwe Liitwalo Raha

Huku bondeni, nyuma ya Rustaki,
jiwe la kusagia huitwa raha.
Mama, mgeni kutoka Wete mwaka wa sabini na mbili,
alicheka mpaka akakaa chini:
raha gani hii, yenye meno?

Maji ya falaji yalitumbukia shimoni,
yakapiga mapezi ya mkunazi,
jiwe la juu likazunguka,
la chini likavumilia.
Muhanna bin Sleyum hakupokea pesa:
kibaba kimoja kwa kila pishi tano,
na mvi za unga kabla ya umri.

Palikuwa na kesi. Ghuseib, mwenye mitende ya chini,
alidai maji yakitoka kinuni yamechoka,
ndiyo maana tende zake zimekonda.
Kadhi akataka mabakuli mawili,
moja la juu ya kinu, moja la chini.
"Kunywa. Niambie yepi yamefanya kazi."
Ghuseib akanywa yote.
Akaomba mengine.

Kisha lori likaleta mashine ya dizeli.
Mkate ukanuka gereji, lakini uliwahi.
Muhanna akaendelea kufungulia maji kila Alhamisi,
akisaga hewa.

Alipokufa, zamu yake ikanadiwa:
nusu saa, usiku, nyota ikigusa ukuta wa msikiti.
Mama akauza bangili, akainunua
kwa ajili ya mihogo
ambayo hakuna jirani aliyejua kuipika.

Jiwe liko mlangoni.
Mimi hulikalia nikimenya.
Meno yamekwisha, lina ubaridi,
na mchana wa Juni, Mama,
sasa linasema Kiswahili.