Kuaga Si Kuondoka

Niillas alibonyeza kimsalaba cha pembeni,
dirisha likafumba, na ndama mia nne na kumi na wawili
wakapotea pamoja na alama zao za masikio.
Siku tatu za zizini, theluji ya magotini,
kwa kidole kimoja.

Akampigia Áile simu, kule Inari.
Hakufoka. Alisema tu: "Programu yako haina adabu."

Usiku ule Áile akaufungua msimbo.
Alikuwa amedhani kubonyeza ni amri.
Kumbe ni ombi. Ni mtu amesimama mlangoni,
kofia mkononi: jamani, naomba kuondoka.
Na foleni ya matukio, kipanya huku, kibodi kule,
ilimpitisha bila hata kumtazama usoni.

Akaandika mistari sita.
Ombi likija, lipokee. Usivunje kitu bado.
Tazama kama kuna neno lililobaki hewani.
Lipo? Uliza: nihifadhi, nitupe, au tughairi?
Akighairi, dirisha libaki lilivyokuwa,
kishale kikipepesa palepale, kwa ndama wa mwisho.

Umeme ukikatika, je?
Hapo hakuna wa kuulizwa.
Pembeni mwa msimbo aliandika: *sijui*.

Saa nne asubuhi, giza bado limekaa,
Niillas akabonyeza tena. Likamuuliza.
Akacheka puani. "Haya," akasema, "haya."

Kisha wote wawili wakanyamaza,
simu masikioni,
kila mmoja akimsubiri mwenzake aage.