Asali Itangoja

Nilishuka kutoka dagoni siku ya pili ya uhai wake,
shati linanuka moshi, jicho moja limevimba,
mfukoni chupa ya asali ya mzinga wa kwanza,
nyeupe, ile nisiyomuuzia mtu.
Mimi nililambishwa. Baba yangu alilambishwa.
Tone moja kwenye ncha ya kidole, mtoto ajue
dunia ina utamu kabla haijamwonjesha mengine.

Pale Sikonge, wodi ya wazazi, kitanda cha dirishani,
Kalunde amemlaza binti kifuani, ngozi kwa ngozi.
Nesi Nyamizi akaitazama chupa, kisha akanitazama mimi.
"Babu, hiyo mpe mama yake."
Tone tu, nikasema.
"Hata tone. Mpaka atimize mwaka.
Kuna vijidudu hulala ndani ya asali, hata iliyo safi.
Tumbo lako huvimaliza. La kichanga bado."
Miaka arobaini narina,
leo nafundishwa asali na msichana
ambaye sidhani kama nyuki amewahi kumgusa.

Nikatoka. Nikakaa kwenye benchi na hasira yangu.
Halafu, sijui kwa nini, nikamkumbuka Kashindye.

Mama yake aliikamua dang'a ikaingia majivuni,
kwa kuwa bibi alisema ile njano ni uchafu,
mtoto asubiri maziwa meupe. Siku tatu akanywa maji ya sukari.
Kliniki tukasema wiki ijayo. Ulikuwa msimu wa kurina,
na wiki ijayo huzaa wiki ijayo.
Surua ikaingia kijijini kama siafu, nyumba kwa nyumba.
Haikubisha hodi.

Nikiwa pale pale bendera ya mkono juu ya chupa,
nikaona jambo nililoliona miaka yote bila kulitazama:
ukipasua sega la wana, chini ya kila kijumba
pana tone jeupe, zito, lina uchachu ulimini.
Maziwa ya nyuki. Siku za mwanzo mwana hali kingine.
Nyuki, mwenye asali mpaka mzinga unalia tawini,
mwanawe hamlambishi.

Nikarudi ndani. Binti ameshika ziwa,
mdomo wazi, kidevu kimezama,
na pembeni mwa midomo dang'a imechuruzika,
rangi ile ile ninayoipandia miti.
Sikusema kitu. Nilitafuta pa kukaa.

Wakamchoma begani, akatoa sauti ya ukoo wetu.
"Nyuki wa serikali," nikamwambia,
"akiuma haachi mwiba, anaacha kovu dogo na ulinzi."
Matone mawili mdomoni. Akakunja uso kama mzee aliyedanganywa.

Tarehe zangu nimezichora kwa mkaa kwenye mwimo wa mlango:
wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne.
Usiku wa ile ya sita alichemka kidogo;
Kalunde akamnyonyesha mpaka jogoo wakachoka kuwika.
Septemba jua likapasua ardhi, jirani akaja na kikombe:
"Mtoto ana kiu, jamani."
"Maji yamo humo humo," akasema Kalunde, akafungua kifungo.
Miezi sita, hata kijiko hakikupita.

Chupa iko juu ya kabati, nimeiziba kwa nta.
Imeanza kuganda. Haiozi, itangoja.
Kabla yake kuna mwezi wa tisa, chanjo ya surua.
Siku hiyo, hata mizinga yote ifurike,
nitakuwa nimeshuka dagoni tangu jana yake.
Kadi nitaibeba mimi.
Na mtoto.